Vita vya Mawaridi na Ushahidi wa Picha

Vita vya kugombea ufalme wa Uingereza baina ya mbari ya Lancaster na mbari ya York, zote mbili za uzao wa Edward III, vilianza St Albans mwaka 1455 na kwisha Stoke mwaka 1487. Wengi huvijua kwa picha kuliko kwa hati.

Picha mashuhuri ni ya Henry Payne, iliyotiwa katika Jumba la Bunge, London, yapata mwaka 1910. Yaonyesha mabwana wakichuma mawaridi bustanini, hawa mekundu, hawa meupe, kila mmoja akidhihirisha upande wake. Jambo hilo halikutokea. Shakespeare ndiye aliyelibuni katika sehemu ya kwanza ya *Henry VI*, miaka mia baada ya vita. Waridi jeupe lilikuwa kweli alama ya York. Lakini jekundu lilipata sifa hasa baada ya Henry Tudor kushika enzi mwaka 1485, naye akayaunganisha yote mawili yawe nembo moja.

Hati ya Kifaransa iliyomo katika Chuo Kikuu cha Ghent, yenye kusimulia mapigano ya mwaka 1471, ina picha za namna nyingine: majeshi yakikabiliana Barnet na Tewkesbury, na Duke wa Somerset akikatwa kichwa.

Walioishi karibu na vita walichora damu. Waliokuja baadaye walichora maua. Basi picha ya Payne ni ushahidi wa fikira za mwaka 1910, si wa karne ya 15.