Maboi na Wachoraji Waliotunza Historia ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi nchini Kongo ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kutokana na jina la Élisabeth, malkia wa Ubelgiji wa wakati huo, na mwaka huohuo reli kutoka Rhodesia ikaufikia. Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapo. Kwa miaka mingi kumbukumbu za maandishi zilikuwa mikononi mwa kampuni, serikali na wamisionari. Mfanyakazi Mwafrika alionekana humo kama namba, mshahara au kosa la kuadhibiwa.

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya mji kupewa jina lake la leo, kilitokea kijitabu chenye kurasa zisizofika 40. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwandishi wake, André Yav, alikuwa amefanya kazi ya uboi katika nyumba za Wazungu, na aliandika kwa niaba ya chama cha wenzake. Lugha yake ni Kiswahili kilekile kinachosemwa mitaani Lubumbashi. Yav anaanzia kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Mwami Msiri wa Katanga, kisha anaeleza maisha ya boi na bwana wake. Anawataja pia batumbula, watu walioaminika kuwateka Waafrika usiku ili waliwe na Wazungu. Anayetafuta tarehe sahihi atapata taabu na kijitabu hiki, lakini anayetaka kujua watawaliwa waliuonaje utawala ni vigumu apate chanzo kilicho bora kuliko hicho. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990.

Wachoraji nao waliihifadhi historia kwa njia yao. Katika miaka ya 1970 familia nyingi za wafanyakazi zilitundika sebuleni picha zilizochorwa juu ya nguo za magunia ya unga. Picha hizo ziliitwa ukumbusho. Mojawapo iliyopendwa sana, Colonie belge, ilionyesha mfungwa akichapwa viboko huku afisa Mbelgiji akitazama. Waliozinunua walikuwa watu wa kipato kidogo, na katika picha hizo wengi waliona mambo yaliyowapata wazazi wao.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, na kila moja akaieleza kwa mdomo kwa Kiswahili. Mgomo wa Desemba 1941 umo. Wafanyakazi wa Union Minière walidai nyongeza ya mshahara, wakakusanyika uwanjani, wakapigwa risasi. Taarifa za serikali zilitaja vifo vipatavyo 48. Masimulizi ya mjini hutaja vingi zaidi. Michoro hiyo sasa iko katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum (zamani Tropenmuseum), Amsterdam, mbali na watu ambao habari zao inazieleza.

Mnamo mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiliingia katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki. Masimulizi ya familia yalikusanywa, vyombo vya nyumbani na picha vikaonyeshwa katika makumbusho ya mji, na vitabu vikatolewa. Sammy Baloji, mpiga picha wa hapohapo, alitumia nyaraka za kampuni kwa namna nyingine: mwaka 2006 aliwaweka wafanyakazi wa enzi ya ukoloni, waliokatwa kutoka picha za zamani, mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière.

Kazi hizi zote zinastahili kusomwa na kutazamwa na watoto wa mitaa ya Lubumbashi ya Kamalondo, Kenya na Katuba, hasa kijitabu cha Yav, ambacho hakihitaji kutafsiriwa ili wakielewe. Na familia iliyo na picha ya kiwandani au kadi ya kazi ya babu haina budi kuandika nyuma yake jina, mtaa na mwaka, maadamu wazee wanaojua bado wapo wa kuulizwa.