Kipindi cha Dini, Kipindi cha Siasa

Machi 1955, mwalimu mmoja wa shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, aliweka chaki chini akaacha kazi. Alikuwa akitembea kwa miguu kilomita zipatazo 20 hadi Dar es Salaam kwa shughuli za chama cha TANU, na sasa alitakiwa achague: ualimu au siasa. Julius Nyerere akachagua siasa. Haikupita miaka 20, siasa hiyohiyo ikawa na kipindi chake kwenye ratiba, katika madarasa ambayo misheni ndiyo iliyoyajenga.

Nyuma ya ratiba hiyo kulikuwa na suala: mtoto wa shule ni wa nani? Kwa misheni, lilikuwa na jibu tangu zamani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Walifundishwa kusoma, useremala na kilimo, wakabatizwa majina mapya, na walipokua wakaozeshwa na kupewa viwanja katika kijiji cha misheni. Kanisa ndilo lililokuwa ukoo, mtaa na serikali yao.

Kwingine mambo hayakufika huko, ila mipaka ilichorwa. Kilimanjaro, Walutheri walikuwa na Machame, Wakatoliki wakawa na Kilema na Kibosho; mtoto alikwenda shule ya dhehebu la wazazi wake hata kama ya jirani ilikuwa karibu zaidi. Pwani, wazazi wengi Waislamu waliiogopa shule ya misheni kwa kuhofia ubatizo, nao hawakuwa na sababu ya kutoogopa. Uhuru ulipofika mwaka 1961, shule nyingi za msingi zilikuwa bado mikononi mwa makanisa. Nani alikwenda shule na nani alibaki nyumbani, hilo nalo lilikuwa na dini yake.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitwaa shule hizo. Mtoto hakupaswa tena kuulizwa dini mlangoni. Majengo, madawati na hata walimu wengi walibaki walewale, lakini watakatifu walianza kutoweka kwenye vibao. Dini yenyewe haikufukuzwa: iliachiwa kipindi. Siku hiyo darasa liligawanyika, Wakatoliki chumba hiki, Walutheri kile, Waislamu pengine chini ya mwembe na ustadhi wao. Kengele ikilia, wote walirudi dawati moja kusoma Siasa.

Hapo ndipo panapochekesha kidogo. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Nyerere, sasa Rais, wa Machi 1967, ulishambulia shule iliyomtenga mtoto na kijiji chake, ukataka kila shule iwe na shamba. Lakini jembe halikuwa geni kwa mwanafunzi wa misheni. Alilima sana bustani ya padre. Paredi ya asubuhi, ukaguzi wa kucha, viranja, kukariri kwa sauti moja: vyote vilikuwepo. Aliyezoea katekisimu, maswali na majibu yake, hakupata shida na ahadi kumi za mwanachama wa TANU. Hata idadi ilikuwa ya amri za Mungu. Si kwamba chama kiliiga kanisa kwa makusudi. Walimu walifundisha uraia kwa njia waliyofundishwa wao, na wengi wao walifundishwa na misheni.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Siasa ikaondoka ratibani na Uraia ukakaa mahali pake, kisha somo likaitwa Uraia na Maadili. Makanisa nayo yakafungua shule za msingi upya, safari hii za ada na sare za kupendeza, na mzazi Mwislamu anayempeleka mwanawe huko leo si kioja.

Nchi yenyewe, kila asubuhi shuleni, inaimba katika wimbo wake wa taifa kazi ya mwalimu wa shule ya misheni. Enoch Sontonga alifundisha katika shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg na kuongoza kwaya yake. Mwaka 1897 alitunga wimbo wa sala, akafariki mwaka 1905 bila kujua ungefika wapi. Tanganyika iliupokea mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili: Mungu Ibariki Afrika. Skauti wanapandisha bendera, na mtoto wa darasa la kwanza, mikono imenyooka ubavuni, anauimba wote kabla hajajua kusoma jina lake.