Ugonjwa wa Rais Mobutu na Mazungumzo ya Amani ya 1996–1997

Mnamo tarehe 22 Agosti 1996 Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire alipasuliwa mjini Lausanne, nchini Uswisi, kwa sababu ya saratani ya tezi dume. Alikuwa na umri wa miaka 65, na alikuwa ameshika madaraka tangu tarehe 24 Novemba 1965. Habari rasmi zilizotolewa Kinshasa juu ya ugonjwa huo zilikuwa chache na za kutuliza; raia walitegemea magazeti ya Ulaya na redio za nje, na palipokosekana hayo walitegemea uvumi wa mitaani. Haikupita hata miezi miwili, vita vikawaka huko Kivu ya Kusini. Tarehe 18 Oktoba ulitangazwa huko Lemera muungano ulioitwa AFDL, msemaji wake akiwa Laurent-Désiré Kabila, ukiungwa mkono na majeshi ya Rwanda na Uganda. Uvira, Bukavu na Goma zilianguka mfululizo, na kufikia siku za kwanza za Novemba zote tatu zilikuwa mikononi mwa AFDL.

Wapo wanaosema kwamba Mobutu alishindwa kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Jeshi la Zaire lilikuwa limeoza kwa ndani miaka mingi kabla ya upasuaji wa Lausanne; askari wasiolipwa mishahara walikwisha kupora miji mwaka 1991 na tena mwaka 1993. Ugonjwa ulifanya jambo jingine, nalo halijatazamwa vya kutosha: uliondoa uwezekano wa kupatana. Kwa muda wa miaka 31 dola ilikuwa imejengwa juu ya mtu mmoja. Waziri Mkuu Kengo wa Dondo alikuwa na serikali lakini hakuwa na amri juu ya majenerali. Majenerali walikuwa na vikosi lakini kila mmoja alimsikiliza Rais peke yake. Basi kila jambo zito lilipaswa kufuatwa Uswisi, na baadaye Ufaransa, katika nyumba yake ya Roquebrune-Cap-Martin kando ya bahari. Mahali pa kuamulia vita na amani palikuwa pale alipolala mgonjwa.

Matokeo yalionekana upesi. Tarehe 5 Novemba 1996 viongozi wa kanda walikutana Nairobi bila Zaire, na mkutano mwingine wa Desemba, uliofanyika huko huko, nao ulipita bila Zaire. Msimamo wa Kinshasa ulikuwa kwamba hapana mazungumzo maadamu majeshi ya kigeni yangali katika ardhi ya taifa. Msimamo huo ulikuwa na hoja ya sheria, ila ulikuwa pia msimamo wa watu wasio na ruhusa ya kusema neno lingine.

Tarehe 17 Desemba Mobutu alirudi Kinshasa, akapokewa na umati mkubwa. Shangwe hizo ziliwashangaza wageni, maana mji huo huo ulikuwa umemchukia kwa miaka. Lakini watu waliovamiwa humtafuta mwenye nyumba, awe mwema au mbaya. Siku zile zilikuwa nafasi ya mwisho iliyo nzuri. AFDL ilikuwa bado inashikilia ukanda mwembamba tu wa mashariki, na Rais alikuwa na heshima ya kutosha kuweza kukubali mazungumzo bila kuonekana ameshindwa. Alimteua Jenerali Mahele Lieko Bokungu kuwa mkuu wa majeshi, akambakiza Kengo katika nafasi yake, kisha mapema Januari 1997 akarejea Ufaransa kutibiwa. Nyuma yake serikali ilitangaza mashambulizi makubwa ya kujibu, ikaleta mamluki kutoka Ulaya. Mamluki hao hawakuweza kuuokoa mji wa Kisangani, ulioanguka tarehe 15 Machi.

Kati ya hapo, tarehe 18 Februari 1997, Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha azimio nambari 1097 lenye mpango wa mambo matano: kusimamisha mapigano, kuondoka kwa majeshi ya nje pamoja na mamluki, kuheshimu mipaka ya Zaire na ya jirani zake, kuwalinda wakimbizi, na kumaliza ugomvi kwa mazungumzo, uchaguzi na mkutano wa kimataifa. Mjumbe Mohamed Sahnoun, kwa niaba ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alizunguka akiutetea. Mpango haukuwa na kasoro kubwa. Uliokosekana ni mkono wa kuutia sahihi.

Maana ahadi ya kiongozi hupimwa kwa muda atakaokuwapo kuitimiza. Mtu aliyejulikana na dunia nzima kwamba anakufa aliweza kuahidi uchaguzi, au serikali ya pamoja, au kujiuzulu baada ya mwaka, na yote yakawa maneno tu. AFDL ilifahamu hayo. Kusimamisha mapigano kungewapa adui zake pumzi. Kuendelea kulikuwa kunaleta miji, na kungoja kulikuwa kunamdhoofisha Mobutu bila kumwaga damu ya askari wake. Upande wa pili nao ulifanya hesabu hiyo hiyo. Wakubwa wa Kinshasa walianza kutafuta kila mmoja njia yake, wengine kwa kusafirisha jamaa zao, wengine kwa kupeleka habari za siri kwa wanaokuja. Mobutu aliporudi tarehe 21 Machi hakukuwa na shangwe za Desemba. Etienne Tshisekedi alifanywa Waziri Mkuu mwanzoni mwa Aprili na kuondolewa baada ya siku chache, nafasi yake akapewa Jenerali Likulia Bolongo. Lubumbashi ilianguka siku zile zile.

Mwishowe hata jambo la kukutana liligeuka kuwa suala la mwili wa mgonjwa. Afya ya Rais haikumruhusu kwenda mbali. Kabila naye alikataa kwenda Gabon kwa ajili ya usalama wake. Afrika Kusini ikatoa meli ya jeshi lake la majini, Outeniqua, ikatia nanga Pointe-Noire. Ilipofika siku, Mobutu hakuweza kupanda ngazi ya meli, ikabidi aingizwe ndani kwa gari. Tarehe 4 Mei 1997 Rais Nelson Mandela alikaa kati ya wale wawili. Mobutu alikuwa tayari kumwachia madaraka rais atakayechaguliwa. Kabila alitaka akabidhiwe yeye mwenyewe, tena kwa siku chache. Waliagana bila mapatano. Picha za siku ile zilizunguka dunia, na hazikuwa picha za kusaidia mazungumzo: aliyeziona hakuhitaji kuambiwa ni nani mwenye wakati na ni nani asiye nao.

Siku chache baadaye, huko Libreville, viongozi wa nchi jirani walitoa tamko kwamba Mobutu hatagombea tena kwa sababu ya afya yake. Hapo hatimaye ugonjwa ulitajwa kama hoja ya siasa, lakini kwa kuchelewa mno. Sheria ya mpito ya 1994 ilimpa spika wa bunge la mpito haki ya kushika nafasi ya Rais iwapo itakuwa wazi, na kiti hicho chenyewe kilikuwa hakina mtu. Tarehe 10 Mei bunge lilimchagua Askofu Mkuu Laurent Monsengwo, aliyekuwa Ulaya. AFDL ilikataa. Kama spika angekuwapo Agosti 1996, au hata Desemba, pangekuwa na mtu wa kuzungumza naye mwenye haki kisheria na mwenye afya. Wanasiasa wa Kinshasa, wa upinzani na wa utawala, walikuwa wamegombania kiti hicho kwa muda mrefu kana kwamba hakitahitajiwa kamwe.

Tarehe 14 Mei Mobutu alifika tena Pointe-Noire, Kabila hakuja. Tarehe 16 Mobutu aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite bila kujiuzulu rasmi. Usiku ule Jenerali Mahele aliuawa katika kambi ya Tshatshi na askari waliomwona msaliti. Kesho yake mji wa Kilingala uliwapokea askari waliosema Kiswahili, na vita vikubwa vilivyohofiwa havikutokea.

Kwa hiyo wengine huona kwamba udhaifu wa Rais uliiokoa Kinshasa. Huenda. Lakini hesabu ya miezi ile haiwezi kufanywa Kinshasa peke yake. Wakati wajumbe wakingoja jibu la mgonjwa, wakimbizi wa Rwanda walikuwa wakifukuzwa msituni kuelekea magharibi: Tingi-Tingi, kisha Kasese na Biaro kusini ya Kisangani mwezi wa Aprili, kisha Wendji na Mbandaka tarehe 13 Mei, siku nne kabla ya mwisho. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 imeandika mauaji ya mahali hapo pamoja na ya mahali pengine pengi. Jambo la nne la mpango wa Februari lilikuwa ni kuwalinda watu hao.

Mobutu alifariki Rabat, nchini Moroko, tarehe 7 Septemba 1997, akazikwa huko. Laurent-Désiré Kabila naye alitawala kwa sheria iliyoweka karibu mamlaka yote mikononi mwake. Alipopigwa risasi tarehe 16 Januari 2001, serikali ilisema kwa siku mbili kwamba bado yu hai, akipelekwa Harare kutibiwa. Mapatano ya Lusaka ya 1999, yaliyokwama mikononi mwa baba, yalifufuliwa na mwanawe Joseph baada ya kuapishwa tarehe 26 Januari, na mwaka uliofuata wajumbe wa Kongo wakakaa pamoja Sun City.