Maji Hayapandi Mlima

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga, na neno lao ni kweli tangu chemchemi ya mlimani hata baharini. Nawe, msomaji, ukitaka kuujua mji mkubwa, usiitazame minara yake tu. Uliza pia maji yake machafu huenda wapi, na yafikapo mahali pasipo mteremko, ni nani ayainuaye. Swali hili halipendezi kutajwa mbele ya watu walao. Lakini uko mji uliochelewa kulijibu, na kuchelewa kwake kulihesabiwa kwa makaburi. Mji huo ni London katika karne ya 19.

London imejengwa kandokando ya Mto Thames, na maji ya mto ule hupwa na kujaa kama yafanyavyo maji ya Mombasa. Kufikia katikati ya karne hiyo watu wake walikuwa wamepita milioni 2, na vyoo vya kusukumwa kwa maji vilikuwa vimeenea majumbani. Zamani uchafu ulitiwa mashimoni, ukazolewa na kupelekwa mashambani. Sasa ulisukumwa katika mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya maji ya mvua, nayo mifereji iliishia mtoni. Maji yalipokupwa, uchafu ulishuka; yalipojaa, ulirudi ukapita mbele ya milango ya wale wale walioutupa. Na wengi wao walikuwa wakinywa maji ya mto huo huo.

Kipindupindu kilipoingia London mwaka 1848, kabla ya kutoka kiliua watu wapatao 14,000. Waganga wengi waliamini kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa yenye uvundo. Mwaka 1854 daktari mmoja, John Snow, alifuatia vifo vya mtaa wa Soho, akaonyesha kuwa vilikusanyika kando ya kisima kimoja cha pampu katika Broad Street. Mpini wa pampu ile ukaondolewa. Hata hivyo wakubwa wengi hawakusadiki, na Snow akafa mwezi wa Juni, 1858, kabla neno lake halijakubaliwa.

Mwezi huo huo joto lilikuwa kali kupita kiasi, na Thames ukanuka. Jumba la Bunge li ukingoni mwa mto, basi mapazia yake yakachovywa katika dawa ya kuondoa uvundo, na bado Wabunge hawakuweza kukaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; lakini uvundo haubishi hodi, wala hauulizi cheo. Mswada wa sheria ukapita kwa siku 18 tu, na kazi ikawa mikononi mwa Joseph Bazalgette, injinia mkuu wa halmashauri ya ujenzi ya jiji.

Shauri lake lilikuwa hili: ichimbwe mifereji mikubwa sambamba na mto, iipokee mifereji ya zamani kabla haijafika mtoni, na kuyapeleka maji machafu mbali upande wa mashariki, nje ya mji. Mifereji hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 132. Lakini fikiri, msomaji. Mfereji hauna budi kuinama ili maji yatembee. Mifereji ya Bazalgette iliinama futi 2 hivi kwa kila maili. Ukienda hivyo maili nyingi katika nchi tambarare, mwishowe mfereji unakuwa chini kuliko mto wenyewe. Hapo ndipo mteremko unapokwisha na mashine inapoanza.

Kusini mwa mto alijenga kituo cha pampu Deptford, kisha kingine Crossness, kilichofunguliwa mwaka 1865. Huko Crossness ziliwekwa mashine 4 za mvuke. Kila moja ilikuwa na boriti ya chuma ya tani 47, na kila pigo lake liliinua tani 6 za maji machafu. Maji hayo yaliwekwa katika birika kubwa la galoni milioni 27, yakangoja saa ya maji kupwa, ndipo yalipofunguliwa ili bahari iyachukue. Kaskazini ilikuwa zamu ya kituo cha Abbey Mills, ambacho kingeyainua maji ya mfereji wa chini kabisa.

Sasa sikia jambo lenye uchungu. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi. Sehemu kubwa ya mji ilikwisha kupata mifereji mipya, nayo ilinusurika. Mashariki, waliko maskini na wafanyakazi wa bandarini, mfereji ulikuwa umechimbwa, lakini Abbey Mills hakijakamilika. Pampu za maji ya kunywa, kwa upande wao, hazikuwa na kasoro: ziliyafikisha majumbani, bila kukosa, maji ya Mto Lea yasiyochujwa vema, yenye ugonjwa ndani yake. London ilipoteza zaidi ya watu 5,500, na wengi wao walikuwa wa upande huo. Kituo kilifunguliwa mwaka 1868.

Kwa hiyo aundaye kituo cha pampu huanza kwa maswali, wala haanzi kwa kununua mashine. Ni maji kiasi gani yatakayokuja, si siku ya kawaida, bali saa iliyo mbaya kuliko zote, mvua ikinyesha? Yatainuliwa kimo gani? Kisima cha kuyapokea kitakuwa kikubwa kiasi gani? Kikiwa kidogo, pampu itawaka na kuzimika kila mara hata iharibike. Kikiwa kikubwa mno, uchafu utakaa ukaoza na kutoa hewa ya sumu. Matambara na vijiti vitazuiwa na nini visizibe pampu? Na la mwisho: pampu ikifa usiku, au umeme ukikatika, iko wapi ya pili? Kituo chenye pampu moja tu ni kama jahazi lenye tanga moja lililochakaa.

Wala usidhani Bazalgette alimaliza yote. Aliuondoa uchafu mjini, lakini hakuusafisha. Mwaka 1878 meli Princess Alice ilizama karibu na mahali ulipokuwa ukimwagwa, na mamia ya watu wakafa katika maji yale. Kusafisha kulikuja baadaye. Na kwa kuwa maji ya mvua na ya vyoo yalibaki katika mfereji mmoja, mvua kubwa ziliendelea kufurisha uchafu mtoni, hata ikabidi lichimbwe handaki jipya la kilomita 25, lililounganishwa lote mwaka 2025. Nalo pia, mwisho wake ni pampu.

Basi utembeapo mjini kwenu, tazama mteremko wa barabara, ufuate mpaka bondeni. Uliza ni nani akaaye huko chini, na kama mashine ya kuyainua maji yake imekamilika au ingali ahadi. Walioko juu hawalioni jambo hili, kwa kuwa maji yao yamekwisha kwenda zake. Watu wa mashariki ya London walilijua, nao walikuwa wamebakiwa na miaka miwili tu ya kungoja.