Kahawa 0901 na foleni ya Malaba

Wasomaji wangu, ukifika Malaba asubuhi utaona malori yamejipanga mpaka macho yachoke. Leo nataka tuongee kuhusu foleni nyingine isiyoonekana: ya data.

Turudi nyuma kidogo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Mwaka huohuo KRA ilianza kutumia Simba, mfumo uliotokana na GAINDE ya Senegal. Ng'ambo ya mpaka, URA walikuwa na ASYCUDA, kazi ya UNCTAD. Mzigo ulikuwa mmoja, lakini mifumo miwili haikujuana. Karani wa upande huu alichapa jina la mwenye mali, uzito na aina ya bidhaa, akatoa karatasi. Dereva akaivusha, na karani wa pili akachapa yaleyale upya. Akikosea tarakimu moja, lori lilikaa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ikaja RADDEx, iliyopeleka taarifa za mzigo kutoka mamlaka moja hadi nyingine kabla lori halijafika.

Sisi waandishi wa programu tatizo hili tunalijua vizuri. Jumuiya ilipokuwa na nchi tano mwaka 2007, kama kila nchi ingetaka mtafsiri wake wa kwenda kwa kila mwenzake, tungehitaji watafsiri 20. Ni nani atawaandika kwa mkono, na nani atawarekebisha fomu ikibadilika?

Jibu ni la zamani. Miaka ya 1980 kampuni ya Sun ilikuwa na rpcgen: unaeleza umbo la data mara moja, yenyewe inakuandikia msimbo wa C. Mwaka 1991 ikaja CORBA na lugha yake ya maelezo, IDL. Facebook wakatoa Thrift mwaka 2007, na Julai 2008 Google wakaweka wazi Protocol Buffers. Faili moja ya maelezo ikazaa msimbo wa C++, Java na Python. Anayetumia Java na anayetumia Python hawana haja ya kubishana sehemu ya tatu ni uzito au ni jina, kwa sababu wote wamezaliwa na faili moja.

Lakini msije mkadanganyika kwamba mashine imemaliza kazi. Niliwahi kumwandikia wakala mmoja wa Busia programu ndogo. Namba ya HS ya bidhaa nikaieleza kuwa ni nambari kamili. Kahawa ni 0901, chai ni 0902. Nambari kamili haiweki sifuri ya mbele, basi kahawa ikawa 901. Msimbo ulizalishwa bila kosa hata moja, pande zote mbili zikakubaliana kabisa, na zote zikawa zimekosea! Lori likalala, na dereva akalala chini yake. Namba ya HS ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna anayeijumlisha, kwa hiyo inafaa kuwekwa kama maandishi.

Tangu Februari 2018 Busia ina kituo rasmi cha pamoja, ambapo maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Hilo ndilo faili la maelezo haliwezi kutoa: watu wawili kuketi na kuulizana, "Wewe ukisema uzito, unamaanisha kilo au tani?" Ulizaneni kwanza, ndipo mzalishe msimbo.