Supa Strikas: Robo karne ya kandanda la kwenye karatasi

Mwaka 2000, huko Afrika Kusini, ilizaliwa timu ya mpira ambayo haijawahi kukanyaga nyasi. Ikaitwa Supa Strikas. Nahodha wake ni Dancing Rasta, golini yuko Big Bo, na mbele anasimama Shakes, kijana wa Kiafrika anayepewa kazi ya kufunga mabao magumu. Kabla yake, Waingereza walikuwa na mwanasoka wa katuni, Roy Race, tangu 1954, na Wajapani wakampata wa kwao, Tsubasa, mwaka 1981. Mtoto wa huku alisoma mashujaa wa wenzake.

Katuni hazikuwa ngeni Tanzania. Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru miaka mingi, na baadaye jarida la Sani likapata wapenzi wake. Ila vichekesho vyetu vilipenda zaidi mtaani, ofisini na kwa wakwe. Uwanjani vilipita tu.

Kilichoibeba Supa Strikas ni namna ilivyolipiwa. Kijitabu kilichomekwa ndani ya gazeti na msomaji hakudaiwa hata senti ya ziada. Mdhamini ndiye aliyelipa, na nembo yake ikachorwa kifuani mwa Shakes na kwenye mabango yanayozunguka uwanja. Kampuni ya mafuta ya Chevron, iliyokuwa na vituo vya Caltex, ilikuwa miongoni mwa wadhamini hao. Hadithi ilipoingia nchi nyingine, jezi ilivalishwa nembo nyingine, mchezo ukaendelea. Hivyo ndivyo ilivyofika Kenya, Uganda, Tanzania, Nigeria na kwingineko. Wapo wanaokerwa na tangazo ndani ya hadithi ya mtoto. Mimi nalitetea. Bila mdhamini, katuni ya rangi ingebaki kwa wenye fedha za mjini.

Na sisi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa tunaijua bei ya umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Kayanga, Karagwe, ni zaidi ya kilomita 1,000, na gazeti likishafika husomwa na wengi kabla ya kuchakaa. Katuni inafaa safari hiyo. Mchoraji akitaka upige kelele, anaukuza mpira mpaka karibu utoke kwenye ukurasa, mashabiki wanageuka vidoti, kisha anakuonyesha macho ya kipa peke yake. Bao liko ukurasa unaofuata. Mtoto anayecheza chandimu Omurushaka kwa mpira wa majani makavu ya mgomba analielewa shuti hilo hata kama maneno ya pembeni yamempita.

Kabla ya Kombe la Dunia la 2010, Shakes alikwishaanza kukimbia kwenye televisheni, katika vipindi vilivyotengenezwa pamoja na studio ya Animasia ya Malaysia. Viwanja vikawa vya ajabu zaidi, wapinzani kama Skarra wa Invincible United wakawa na hila nyingi zaidi. Mbio ziliongezeka. Ule utamu wa kusubiri kufunua ukurasa, kwa maoni yangu, ulipungua.

Leo vipindi hivyo viko YouTube, na kijana wa Murongo, Kyerwa, mwenye bando anavipata. Vijitabu ndivyo vinavyopotea, kwa sababu kilichotolewa bure hakikuwekwa kabatini. Aliyenacho hata kimoja akipeleke kwenye maktaba ya shule iliyo jirani.