Dar es Salaam–Unguja (masafa na muda wa safari ya ndege)

Marhala hii ya anga, miongoni mwa zilizo fupi kabisa katika safari za ndege za abiria Afrika Mashariki, huunganisha kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, na kiwanja cha Abeid Amani Karume kilichoko Kisauni, Unguja. Masafa yake kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 73, na ndege aghalabu huwa hewani kwa dakika 15 hadi 20.

Masafa

Viwanja hivi viwili vimekaa karibu juu ya mstari mmoja wa kusini na kaskazini, longitudo zake zikikaribiana mno, na latitudo zake zikitofautiana kwa dakika 39 na ushei. Na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, nahodha yeyote aliyezoea ramani angeyajua masafa haya pasi na kupima.

Muda na pepo

Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna Caravan, iendayo kilomita 300 hivi kwa saa, huhitaji robo saa kuyakata masafa hayo, wala ile kubwa ya ATR, ijapokuwa mwendo wake ni mkali zaidi, haiokoi ila dakika chache, kwani mara imalizapo kupanda huwa imewadia kushuka. Linalouathiri muda kwa hakika ni upepo, na hapa pana jambo la ajabu linalostahiki kuelezwa. Barabara ya kurukia ya Kisauni imelazwa kusini na kaskazini, na ndege hutua ikiukabili upepo. Basi katika musimu wa kaskazi, rubani atokaye Dar es Salaam, ingawa upepo humkabili njia nzima, huweza kutua moja kwa moja bila ya kuzunguka. Ama katika kusi, upepo uliomsukuma kwa ihsani tangu bara humlazimu akipite kiwanja, ageuke upande wa kaskazini, kisha arejee kutua akielekea kusini. Hivyo pepo zilezile zilizotawala safari za majahazi kwa karne nyingi zingali na hukumu yake juu ya vyombo vya angani.

Muda ulioandikwa katika ratiba huwa mrefu kuliko ule wa hewani, maana huhesabiwa tangu chombo kinapoondoka maegeshoni hadi kinaposimama. Faradhi za kufika mapema na kupimwa mizigo, pamoja na msongamano mzito wa magari katika Barabara ya Nyerere, huifanya safari nzima kuchukua saa kadhaa.

Historia

Katika miaka ya 1930 pwani hii ilihudumiwa na Wilson Airways ya Nairobi, iliyoasisiwa mwaka 1929. Shirika adhimu la East African Airways lilianza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania.

Njia ya bahari

Boti ziendazo kasi hutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Malindi, Unguja, kwa muda wa saa mbili hivi.

Hali ya sasa

Njia hii hutumiwa na watalii, wafanyabiashara na watumishi wa serikali.